Kikao cha Ukoo Mbele ya Kaunta ya Ndege

Kuna watu wakisikia neno "kupita" wanaona ni jambo dogo. Mimi siku hizi nikilisikia nakunja uso. Nimeishi Masasi maisha yangu yote ya kazi, nimefundisha darasa la sita mpaka nikastaafu, na tangu nipate akili najua kwamba kupita ni kupita. Basi la kutoka Newala kwenda Dar linapita Masasi, linapita Ndanda, linapita Lindi, watu wanashuka, wanachimba dawa, wananunua karanga, wanapanda, safari inaendelea. Hakuna mtu wa Lindi aliyewahi kunisimamisha akaniuliza napita kwao kwa ruhusa ya nani. Kumbe duniani zipo nchi ambazo hutakiwi kupita hata kama huna haja nazo, mpaka uwe umewaomba kwanza wakakukubalia. Hiyo iliyonikataa mimi siitaji jina, isije ikadhani naisifia.

Nilikuwa nakwenda Kanada kwa binti yangu. Ni mtoto wangu wa pekee. Alikwenda huko kusoma, akabaki kufanya kazi ya kuhudumia wazee, akapata mimba. Baba wa mtoto alikula kona mimba ikiwa bado changa, na habari zake nazikomesha hapo hapo, maana nikiendelea nitatukana, na maandishi haya huenda siku moja yakasomwa na mjukuu. Binti akabaki peke yake kwenye chumba kimoja, ghorofani, theluji dirishani, tumbo linakua.

Mimba ilipoingia miezi ya mwisho akanipigia simu. Binti yangu si mtu wa kulialia, tangu mdogo akianguka anainuka anajikung'uta mwenyewe. Siku hiyo alilia. Akasema, "Mama, naogopa. Huku wanakuzalisha, kesho yake wanakwambia nenda nyumbani. Nyumbani kwenyewe hamna mtu. Njoo unikande."

Kwetu mzazi anakandwa. Maji ya moto, kitambaa, mgongo, tumbo, nyonga, asubuhi na jioni, na uji mzito akitoka hapo. Anayekanda ni mama yako. Kama mama hayupo ni mama mdogo au bibi, lakini mtu wa kwenu lazima awepo. Nilimkanda dada yangu, nilikandwa na mama yangu, na sikuwahi kufikiri kwamba mwanangu angezaa halafu ajimiminie maji mwenyewe. Nikamwambia, nakuja hata kwa miguu.

Nikahangaika na visa ya Kanada. Alama za vidole, picha, barua ya binti, maswali ambayo hata padri hajawahi kuniuliza. Ikatoka. Nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni, jirani akaja mbio akidhani nimefiwa. Kosa langu lilikuwa kumwambia kaka yangu. Lakini ningeachaje kumwambia? Yeye ndiye mjomba.

Kwa asiyejua mambo yetu Wamakonde wa uwandani kule Newala, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba ana sehemu yake, mama ana sehemu yake, lakini jambo kubwa haliendi bila mjomba. Kaka yangu anakaa huko huko, kijiji cha Makote, ana mashamba ya mikorosho, ana koti la kijivu la shughuli, na anapenda kauli kuliko anavyopenda kula. Akaitisha kikao. Kikao kikaamua kwamba ukoo hauwezi kwenda kumwona mzazi mikono mitupu, hasa mzazi aliye ugenini, wazungu wasije wakasema mtoto hana kwao.

Basi ukoo ukaleta. Korosho zilizobanguliwa, mfuko juu ya mfuko. Unga wa mtama na wa ulezi. Ufuta, choroko, mabibo yaliyokaushwa, ming'oko, ile mizizi ya porini, ambayo niliwaambia itaoza kabla sijavuka Rufiji. Kanga doti kwa doti. Shangazi mmoja, bibi mkali ambaye hata mbuzi wake wanamwogopa, alileta kinu. Kinu kidogo, ndiyo, lakini kinu! Nikamuuliza, "Shangazi, Kanada atatwanga nini?" Akanijibu, "Atatwanga ulichomfundisha. Kama hukumfundisha, sema." Nikakipakia. Mabegi yakawa matatu makubwa, na kila moja lilihitaji mwanamume kuliinua.

Nilisema haya mapema. Nataka ieleweke hivyo. Nilimwambia kaka yangu barazani kwake, "Mimi naenda kukanda mzazi, siendi kufungua duka." Akaniambia nisiwe na roho ya kizungu kabla sijapanda ndege.

Wakala wa tiketi tulimpata Masasi, karibu na stendi. Chumba kimoja, picha ya ndege ukutani, feni isiyozunguka, na mwanamume wa makamo aliyevaa tai kwenye joto lile. Swali lake la kwanza halikuwa napita wapi. Aliuliza, "Mzigo kiasi gani?" Kaka akajibu kabla sijafungua mdomo, akataja mabegi matatu kwa fahari, kana kwamba anataja mahari. Wakala akabonyeza, akakuna kichwa, akasema kwa tiketi moja ya mpaka mwisho mzigo huo hautapita, ila anaweza kutukatia tiketi mbili za kampuni mbili. Moja inanifikisha Ulaya, nyingine inanichukua kutoka hapo mpaka Kanada, na zote mbili zinaruhusu mzigo mkubwa. Kaka akampa mkono pale pale.

Mimi nikauliza. Nikamwuliza kwa sauti ya darasani, "Na hapo katikati inakuwaje?"

"Hapo mama unabadilisha ndege tu," akasema. "Ni kama umeshuka Mnazi Mmoja ukapanda gari nyingine. Wala hutasumbuka."

Wala hutasumbuka! Nikimkumbuka na tai yake, mpaka leo nasaga meno. Mtu anakaa mezani, watu wazima wanampa imani yao yote, naye anajibu jambo asilolijua kwa sababu anaona aibu kusema hajui.

Tukaenda Dar, mimi na kaka. Yeye ndiye mwenye msafara, kwa hiyo pasipoti yangu ilikaa mfukoni mwa koti lake tangu tunatoka Masasi. "Wewe una mambo mengi, utaiangusha," alisema. Nimefundisha miaka yote ile, nimetunza mitihani ya taifa ndani ya kabati, naambiwa nitaangusha kijitabu. Nikameza. Safari ya kumwendea mtoto ukiianza na ugomvi si nzuri, nikajiambia.

Uwanja wa ndege tulifika mapema, hilo sina lawama. Foleni ilikuwa fupi. Kwenye kaunta alikuwepo dada mmoja mwenye hijabu nadhifu, akanisalimu vizuri, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba, nikamwona mtoto wa watu mwenye adabu. Akaangalia pasipoti, akaangalia visa ya Kanada, akatabasamu. Akaiangalia tiketi ya pili, tabasamu likaisha.

"Mama, visa ya kupita unayo?"

Nikamwambia ninayo, si hiyo unayo mkononi.

"Hii ni ya Kanada, mama. Nauliza ya hapa katikati."

"Hapo katikati mimi sina shughuli. Napita."

"Ndiyo, mama. Ya kupita."

Nikadhani ananitania. Akanieleza pole pole, na kadiri alivyonieleza ndivyo damu ilivyonipanda kichwani. Tiketi ni mbili, kampuni ni mbili, hazina makubaliano. Mabegi yangu yanaishia katikati. Nikifika lazima niyafuate, niyachukue, niyapeleke kwenye kaunta ya kampuni ya pili, na kaunta hiyo iko nje ya uhamiaji. Kwenda nje ya uhamiaji ni kuingia nchini mwao. Kuingia nchini mwao bila visa hawakubali. Wakinipakia hivyo hivyo, kampuni inapigwa faini na mimi narudishwa na ndege ile ile.

"Kwa hiyo nikose kwenda Kanada kwa sababu ya nchi nisiyoitaka?" nikamwuliza. Watu walianza kugeuka. "Mwambie huyo mwenye nchi yake, simtaki! Nikae kwenye kiti hapo ndani, nisiguse kitu, nipande ndege yangu niondoke. Ananiogopea nini? Nitaiba theluji?"

Akaita mkubwa wake, akachelewa sana kuja. Mkubwa alikuwa mwanamume mwenye haraka, akasoma, akauliza swali moja tu, "Mama, lazima uende na haya mabegi?" Kisha akasema maneno ambayo nitayakumbuka mpaka kaburini. Kwa vile nina visa ya Kanada, kukaa ndani ya uwanja wao kusubiri ndege naruhusiwa. Kinachonikwamisha ni kutoka nje kufuata mabegi. Niende na begi la mkononi tu, niwe na pasi ya kupandia ndege ya pili tayari kwenye simu, nitapita bila kuulizwa. Lakini tufanye haraka, kaunta inakaribia kufungwa.

Loo, nilitaka kumkumbatia. Nikampigia binti. Kwake ilikuwa asubuhi. Nikamweleza, akanisikiliza bila kunikatiza, akasema subiri. Haikuchukua muda pasi ikaingia kwenye simu yangu, jina langu na namba ya kiti. Chini yake akaandika, "Mama njoo hivyo hivyo. Sitaki korosho. Nakutaka wewe."

Nikamgeukia kaka. Pasipoti dada wa kaunta alikuwa ameirudisha juu ya meza, na kaka, bila kufikiri, alikuwa ameshaichukua na kuitia kwenye koti. Nikamwambia, "Kaka, nipe pasipoti. Wewe rudi na mabegi, mimi naenda."

Hakuitoa. Alikuwa amesimama kati ya mabegi yale matatu, mkono mmoja juu ya kamba. Akasema, "Nirudi nayo wapi?"

"Makote. Yalikotoka."

"Zawadi ya mzazi irudi? Mdogo wangu, una akili? Zawadi ya mzazi ikirudi ni uchuro. Mtoto akipatwa na jambo, utanijibu nini? Utawajibu nini wenzako?"

"Basi yaache hapa! Gawa kwa wabeba mizigo!"

"Si yangu nigawe. Ni ya ukoo. Nitawauliza."

Nilidhani ni maneno tu. Ebo! Mtu akatoa simu, akapiga Makote, akaweka spika. Mbele ya kaunta, watu nyuma yetu wanasukuma matoroli yao, kaka yangu akaitisha kikao cha ukoo.

Na kikao kina taratibu zake. Kwanza salamu. Akaanza kwa mkubwa wa wote, shikamoo, marahaba, mmeshindaje huko, tumeshinda salama, na nyinyi je. Kisha aliyefuata. Kisha aliyefuata. Mmoja alikuwa shambani ikabidi akaitwe. Mwingine simu haimfikii vizuri, salamu ikarudiwa. Mimi nasimama, naangalia mkono wa yule mkubwa wa kaunta ukibonyeza bonyeza. Nikasema, "Kaka, waambie tu!" Akaniinulia kiganja, kwamba nisimwingilie.

Akawaambia. Akawaambia vibaya. Alisema, "Wazungu wamekataa mzigo wetu." Huko Makote ikawa vurugu. Mmoja akasema, wamekataa kwa nini, tumetia nini humo? Mwingine akataka apewe huyo mzungu aongee naye, akaambiwa hayupo, aliyepo ni Mtanzania, akasema basi huyo Mtanzania kwao wapi. Mazungumzo yakahamia Kimakonde moja kwa moja, na katikati ya yote nikasikia sauti ya shangazi, ile kali, inauliza swali lake moja, "Kinu changu kinakwenda au hakiendi?"

Nikapaza sauti kwenye ile simu. Nikasema, "Shangazi, mwanangu anazaa! Kinu chako achana nacho!"

Halafu mzee mmoja akasema, kwa upole kabisa, kwamba si adabu dada kuzungumza wakati mjomba anazungumza, na kwamba kwa vile nimemvunjia heshima shangazi, ingefaa nimwombe radhi kwanza ndipo waendelee.

Kwanza! Nilimwangalia kaka yangu. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Jasho linamtoka, naona hata yeye anaogopa, lakini anakubali, kwa sababu kumkatalia mzee kwenye spika, watu wote wanasikia, hawezi. Miaka yote anajifanya mwenye kauli, kumbe kauli yenyewe hana. Ana koti tu.

Hapo nikaacha kuwa mtu mzima. Nikamrukia. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake mbele za watu, akanishika, tukavutana, simu ikaanguka ikiwa bado inaongea, mtoto wa mtu mmoja akaanza kulia. Nikaipata pasipoti. Nikakimbia hatua zile chache mpaka kaunta, begi langu la mkononi likinigonga magotini, simu yenye pasi nimeiinua juu.

Dada wa hijabu akaniangalia kwa macho ya huruma. "Mama, tumefunga. Nilikuita."

"Fungua."

"Mfumo umeshafungwa, mama. Pole."

Nikamwambia pole yake akae nayo. Si haki, najua, yeye alinisaidia kuliko ndugu zangu wote. Lakini siku hiyo nilikuwa namchukia kila mtu mwenye kadi shingoni, na yule wa tai, na watu wa uhamiaji wa nchi ile wanaolala usingizi wao hawajui kama nipo, na ukoo wangu mzima kuanzia mkubwa hadi aliyeko tumboni mwa mtu.

Tulirudi na basi lile lile la kusini, viti vya mbali, hatuongei. Mabegi yalikuwa chini kwenye buti. Ule uchuro aliouogopa ulirudi wote na kinu chake. Tiketi hazikurudishiwa kitu, na sitaki kulizungumza hilo.

Binti alijifungua kabla sijaanza hata kuulizia namna ya kuomba visa ya kupita. Mtoto wa kike. Walimpasua. Hospitali walimwuliza nani atakuwa naye nyumbani, akawaambia mama yangu anakuja, kwa sababu bila mtu walikuwa hawataki kumruhusu. Akaondoka na mtoto kwenye teksi. Alinipigia video akiwa chumbani kwake, midomo imekauka, nywele hazijachanwa, nikamwambia achemshe maji, nikaanza kumwelekeza, loweka kitambaa, kamua, si juu ya kidonda, pembeni, mgongoni. Akajaribu. Mgongoni mkono haukumfikia. Akaacha kitambaa kikaanguka, akakaa chini, tukaangaliana kwenye simu mpaka mtoto akalia.

Kaka yangu alikuja Masasi kuniona. Akasema mipango ya Mungu, akasema wazungu wabaya. Sikumpa shikamoo. Mara ya kwanza maishani. Alisimama mlangoni akiingojea, nikaendelea kuchambua mchele. Shangazi naye alituma mtu kufuata kinu chake, nikakitoa nje kwa mguu.

Lakini visa ya kupita niliiomba, ingawa bila mabegi ningeruhusiwa bila hiyo; sikutaka tena kusafiri kwa kutegemea neno la mtu wa mezani. Peke yangu, bila kikao. Nilikwenda Dar, nikajaza, nikasubiri, wakataka barua nyingine, nikarudi, nikasubiri tena. Mvua zikaanza, zikaisha. Mjukuu wangu nilikuwa namwona kwenye simu anaanza kushika vitu, anaanza kukaa. Halafu siku moja ikatoka, karatasi nzuri imebandikwa kwenye pasipoti, inaniruhusu kupita. Nikampigia binti hapo hapo barabarani, pikipiki zinapiga honi, napiga kelele kama kichaa kwamba imetoka, nakuja, na tiketi safari hii ni moja.

Akasema, "Mama, usihangaike. Nimeshazoea."

"Umezoea nini?"

"Peke yangu. Mtoto asubuhi anakwenda kwa mlezi, mimi kazini. Narudi usiku. Utakaa na nani hapa?"

Nikamwambia nitakaa hapo hapo chumbani nimsubiri arudi. Nikamwambia kumsubiri mtoto wangu si kazi.

"Mimi nilikusubiri, Mama," akasema, na akakata simu.